Sanduku la Sinema: Ukoo mzima kwa ajili ya mbwa?

SWALI: Mzee, pole na kazi. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na malori yanaposubiri kuvuka. Wateja wangu ni madereva, taniboi wao na vijana wa boda. Kila mtu na lugha yake, kwa hiyo natafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kipaza sauti mkononi. Juzi niliwawekea John Wick, ile ya kwanza ya mwaka 2014. Mwanzo wake ni msiba na machozi tu, nikaupeleka mbele mpaka wezi wanapovamia nyumba. Watu wakaanza kucheka: yaani anamaliza ukoo mzima kwa sababu ya mbwa? Dereva mmoja akasema angekuwa ng'ombe, angemwelewa. Na wakati yule tajiri wa Kirusi anapigana kwenye mvua, nusu ya watu walikuwa wameshatoka kwenda kula. Filamu ndiyo mbovu, au wateja wangu hawajui sinema?
Mwenye Kibanda, Busia

JIBU: Ndugu yangu, mbwa yule ulimuua wewe, kabla wezi hawajafika.

Hayo machozi uliyoyaruka ndiyo kesi yenyewe. John, muuaji wa kukodiwa aliyestaafu, amefiwa na mkewe, Helen, kwa maradhi. Amemzika, amerudi kwenye nyumba tupu, mara mlango unabishwa: kuna mzigo wake. Ndani yake mna mbwa mdogo, Daisy, na barua ya marehemu. Helen alijua anakufa, akampangia mumewe kiumbe cha kupenda ili asibaki peke yake na huzuni. Kwa hiyo Iosef, mtoto wa yule tajiri, anapoingia usiku kuiba gari aina ya Mustang la 1969 na kumuua Daisy, amekanyaga wasia wa maiti. Ungeliambia hivyo banda lako kwa sentensi moja, hata yule dereva wa ng'ombe angenyamaza. Najua mtafsiri anauogopa ukimya kuliko kitu chochote, lakini dakika zile hazikuhitaji mzaha wala kidole kwenye rimoti.

Nguvu ya pili ni namna hofu inavyojengwa kwa midomo ya watu wengine. Kuna simu moja naipenda kuliko risasi zote za filamu hiyo. Viggo, baba yake Iosef, anampigia fundi wa magari ya wizi kumuuliza kwa nini amempiga mwanawe kofi. Fundi anajibu kwamba kijana ameiba gari la John Wick na kuua mbwa wake. Viggo anaguna tu, simu imekwisha. Jambazi mkubwa wa New York ameishiwa maneno! Hapo John hajamgusa mtu bado, na sisi tumeshaanza kuwahurumia wanaomfuata.

Mapigano nayo yanaonekana. Mwongozaji, Chad Stahelski, alikuwa mtu wa kuruka na kuanguka badala ya Keanu Reeves katika The Matrix ya 1999, kwa hiyo anajua mwili unavyofanya kazi. Kamera anaiweka mbali kidogo na kuiacha itulie. Kwenye klabu ya usiku unamwona John akipiga, akiviringika, akiishiwa risasi, akibadilisha magazini. Filamu nyingi za kisasi hukatakata picha mpaka hujui nani kampiga nani, na bunduki haziishi risasi hata siku moja. Hapa mtu aliyekaribia miaka 50 anachoka, na unamwona amechoka.

Sasa nije kwa wateja wako waliotoka kwenda kula. Hao wana haki. Kisasi ni deni, na deni la John lilikuwa kwa Iosef. Iosef anapigwa risasi, deni limelipwa, lakini filamu bado inaendelea. Inabidi itafute deni jipya, ndipo Viggo anamuua Marcus, rafiki wa John. Tatizo ni kwamba huyo Marcus tumemwona kwa vipande vipande, juu ya paa na bunduki yake ya masafa marefu. Daisy alipewa nafasi ya kulala na kula. Marcus hakupewa hata chai. Kwa hiyo John anapokwenda bandarini kumlipizia, mikono yake ina hasira ila sisi hatuna. Na kupigana na mzee wa umri wa Viggo, baada ya vijana wote wale wa klabuni, ni kushuka mlima.

Kuna jingine linaloniudhi. Wanamkamata John, wanamfunga kwenye kiti, Viggo anahutubia, kisha anaondoka na kuwaachia watu wawili wammalize kwa mfuko wa plastiki. Mtu uliyemwogopa kiasi cha kukata simu unamwacha nyuma yako akiwa hai? Huyo si Viggo wa ile simu.

Ukiionyesha tena, acha mwanzo uende wote. Na Iosef akishakufa, usijaze maneno. Wanaobaki wawahi dakika za mwisho, John akiwa na jeraha la kisu anavunja kliniki ya mifugo, anajitibu, halafu anaondoka na mbwa mwingine aliyekuwa anangoja kuuawa. Waliokwenda kula walikosa hiyo.

SWALI: Mzee, na ile filamu yetu ya mtaa wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex?, nayo ni ya kisasi? Mbona hatukuambiwa nani alimuua?
Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Ni ya kisasi, mwanangu. Bruce U anakuja kumlipizia ndugu yake, kapteni. Mwongozaji wake, Nabwana I.G.G., aliitoa mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na ni kweli inakwisha bila kumtaja muuaji. Kwa filamu nyingine ningesema mwandishi amekimbia kazi. Hii haikuwahi kukuahidi upelelezi. Ilikuahidi helikopta juu ya Kampala, mateke, na VJ Emmie, msimulizi wa filamu asiyenyamaza. Vyote umepewa.