Maswali ya Wasomaji: Simu gani inaelewana na laptopu yenye Linux?

Tangu Microsoft wasitishe apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za zamani zimehamishiwa Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na kila anayehama baada ya wiki mbili tatu anauliza hivyohivyo, sasa simu yangu? Nimechukua barua tatu.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni mwanafunzi, niko Morogoro. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, Windows ilikuwa inaganda mpaka nalia, nikaweka Linux Mint na sasa hivi iko vizuri kabisa. Shida ni simu, imeanguka kioo kimekufa, ndani kuna picha za marehemu bibi yangu ambazo sina popote pengine. Nimejichanga nina laki tatu na nusu. Wenzangu wananiambia nitafute iPhone iliyotumika, wengine wanasema iPhone na Linux haviivi chungu kimoja. Nachotaka ni kuhamisha picha, kutumia bando la simu kwenye laptopu, na M-Pesa isinipotee. Ninunue nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa bibi. Tuanze na picha kabla ya habari ya kununua, maana ukikimbilia kwa fundi akakwambia "tuiflashi tu" yani afute kila kitu aweke mfumo upya, zile picha ndo zimeenda. Usikubali.

Kioo kufa kuna namna mbili. Kama bado unaona vitu ila ukigusa hamna kitu, tafuta kile kiadapta cha OTG, ni kidogo na bei yake ni ndogo, chomeka mauzi ya kawaida ya kompyuta kwenye simu, utaona kamshale kanatokea na utaifungua simu kwa mauzi. Kama kioo ni cheusi kabisa ila simu inawaka na inaita, basi inategemea kama uliwahi kuwasha "utatuzi wa USB" (ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kupitia waya) na kuiruhusu hiyo laptopu. Kama uliwasha, weka programu inaitwa scrcpy kwenye Mint, ni ya bure, inakuonyesha skrini ya simu kwenye laptopu na unaiendesha kwa mauzi na kibodi, na haihitaji kuruti simu, yani kuvunja ulinzi wa mfumo wake. Kama hukuwasha, lipa fundi akuwekee kioo hata cha bei nafuu, toa picha zako, halafu ndo uje tuongee simu mpya. Nakuomba hilo ulifanye kwanza.

Haya, iPhone. Wanaosema haiwezi kabisa wanakosea. Bando la iPhone kupitia waya linafanya kazi kwenye Linux, keneli, yani kiini cha Linux, ina draiva yake (kiprogramu cha kuendesha kifaa) tangu 2010, na picha utazitoa kwa sababu kuna watu wamejitolea miaka mingi kutengeneza libimobiledevice ambayo inaongea na iPhone bila programu ya Apple. Ila picha zinatoka kwa HEIC, aina ya faili la picha inayotumiwa na iPhone, inabidi uongeze kifurushi ndo zifunguke kama Mint yako ni ya zamani, na siku simu ikigoma kuwaka njia rasmi ya kuirudisha ni kompyuta ya Mac au Windows, ambayo wewe huna. Kwa laki tatu na nusu utapata iPhone ya zamani sana ambayo betri imeshachoka. Mimi nisingekushauri.

Chukua Android, ambayo nayo kwa chini kabisa inaendeshwa na keneli ya Linux, ileile aliyoianza Linus Torvalds 1991. Lakini Android zote si sawa, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Watu dukani wanakuuzia kamera na ukubwa wa betri. Wewe uliza vitu viwili, je apdeti zitakuja mpaka lini, na je butiloda inafunguka. Butiloda ni lile lango linaloamua simu iwake na mfumo gani, likiwa limefungwa basi siku kampuni ikiacha kuleta apdeti umebaki nayo hivyo hivyo, likiwa linafunguka unaweza kuweka LineageOS, mfumo huria ulioanza Desemba 2016 pale CyanogenMod ilipofungwa, na simu ikapata miaka mingine. Ni kilekile ulichoifanyia laptopu yako.

Mimi hili nimelipia. Nilinunua simu iliyotumika Kariakoo, nzuri, safi, bei poa, nikasoma kwamba modeli ile inakubali LineageOS, nikafika nyumbani nikaingia kwenye chaguo za wasanidi programu nakuta pale "Kufungua OEM" (swichi ya kuruhusu butiloda ifunguliwe) pamefifia, hapabonyezeki. Kumbe ilikuwa imeuzwa kwanza na kampuni moja ya mtandao Marekani ambayo inafunga lango moja kwa moja. Modeli ileile, jina lilelile, ila ile yangu ndo ya kufungwa. Iliniuma sana maana hela nilikuwa nimekopa. Kwa hiyo wewe ukiwa dukani, kabla ya kutoa hela, ingia mipangilio, kuhusu simu, gonga "nambari ya muundo" mara saba, rudi nyuma fungua chaguo za wasanidi, weka wifi, angalia kama hapo panabonyezeka. Piga *#06# pia, hakikisha namba za IMEI, yani utambulisho wa simu, zinafanana na zilizo kwenye boksi.

Simu zenye jina zuri upande huu ni Google Pixel, Motorola nyingi, Fairphone (hii huku hutaiona), na Xiaomi na Redmi kadhaa ingawa Xiaomi wanakuwekea masharti ya kuomba ruhusa na kusubiri. Huawei waliacha kutoa namba za siri za kufungua butiloda tangu 2018. Sasa kwa bajeti yako nadhani Pixel ya zamani kidogo iliyotumika au Motorola ndo utaifikia, lakini tazama kwanza modeli yenyewe, herufi kwa herufi, kwenye orodha ya LineageOS. Kama hutaki habari za kufungua fungua basi tafuta yenye apdeti ndefu, mfano Samsung Galaxy A16 ya 2024 iliahidiwa miaka sita, na Pixel kuanzia ya 8 ya mwaka 2023 miaka saba, hizo zitakuzidi hela sasa ila ujue.

Bando ndo rahisi kuliko vyote. Chomeka waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, Mint inaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida, hamna draiva wala nini, na simu inachaji hapohapo wakati hotspoti inamaliza chaji. M-Pesa usiwe na wasiwasi, *150*00# inapigika kwenye simu yoyote. Ila ukifungua butiloda jua mawili, kila kitu kwenye simu kinafutika wakati ule unafungua, na apu za benki nyingine zitakataa kuwaka. Kama mkopo wako au ada vinapita kwenye apu ya benki, acha simu na mfumo wake wa kiwandani.

SWALI: Habari za kazi. Nina kastudio ka picha Mombasa, natumia Linux ya Ubuntu. Nikichomeka simu inachaji tu, laptopu haioni kitu. Siku nyingine inaona ila nikihamisha picha mia tano inakwama katikati. Nimebadilisha simu mara mbili sasa. Tatizo ni Ubuntu?

JIBU: Dada usinunue simu ya tatu. La kwanza ni waya. Waya nyingi zinazouzwa barabarani hazina nyuzi za data ndani, ni za umeme tu, kwa macho huwezi kutofautisha. Chukua uliokuja na simu au wa mtu unayejua unahamisha mafaili. Halafu ukishachomeka, vuta ile arifa juu ya skrini ya simu uchague kuhamisha faili, maana simu ikichomekwa inaanza na kuchaji tu kwa usalama wako.

Kukwama katikati ni MTP. Zamani simu ilikuwa inajitokeza kama flashi, siku hizi Android zinatumia MTP, ambayo simu yenyewe ndo inagawa mafaili moja baada ya jingine, kwenye folda lenye maelfu ya picha inachoka. Kwa kazi yako nakushauri njia mbili. Kwa picha chache za haraka tumia KDE Connect, ilianza 2013, unaweka kwenye simu na kwenye laptopu, kwa Ubuntu ya kawaida (yenye mwonekano wa GNOME) inaitwa GSConnect, zikiwa wifi moja unatuma picha, unakopi maandishi simu unabandika laptopu, arifa za simu unaziona hapo hapo, yani ukishaizoea huwezi kuiacha. Ikikataa kuonana, kama umewasha fayawoli fungua milango 1714 mpaka 1764, TCP na UDP, wengi wanakwama hapo wanadhani programu mbovu. Kwa mzigo mkubwa wa harusi nzima washa utatuzi wa USB, weka adb, programu ya kuongea na simu kwa amri, halafu kwenye teminali (dirisha la kuandika amri) andika adb pull /sdcard/DCIM ukanywe chai. Haikwami kama ile.

Na siku ukinunua simu nyingine, kwa kazi ya studio chagua yenye sehemu ya memori kadi. Unaichomoa unaisoma moja kwa moja, hata zile kubwa zenye mpangilio wa exFAT, Linux inazisoma yenyewe tangu keneli 5.4 ya mwaka 2019.

SWALI: Niko Eldoret, nafanya kazi ya kompyuta. Nimechoka na Android, nataka simu ya Linux yenyewe. Je ninunue PinePhone?

JIBU: Ndugu yangu hamu yako naielewa, hata mimi ninayo. PinePhone ilitoka kwa dola 150 hivi, ina vijiswichi chini ya mfuniko vya kuzima maiki, kamera na modemu kwa mkono, na betri yake ya kutoa inaendana na ya Samsung J7, kitu ambacho kwa fundi wa huku ni neema. Lakini ni taratibu, RAM GB 2 au 3, kamera dhaifu, na ukiitegemea kupokea simu ya mteja utaumia. Ubuntu Touch, Linux ya kuweka kwenye simu, ni laini zaidi, Canonical (kampuni ya Ubuntu) waliiacha Aprili 2017 ikachukuliwa na watu wa UBports wanaojitolea, na wanaiendeleza mpaka leo. Ila hamna apu ya M-Pesa wala WhatsApp ya kawaida humo.

Kwa hiyo usianze kwa kuagiza kitu kutoka nje na kulipia ushuru. Angalia kwenye droo, simu yako ya zamani pengine iko kwenye orodha ya Ubuntu Touch au postmarketOS, Linux nyingine ya simu, iweke huko, iwe ya pili. Unajifunza, unaripoti makosa, kama unaandika programu unachangia. Laini yako ya M-Pesa ibaki kwenye ile Android unayotumia sasa.