Ukichezewa Ulinzi wa Kifaransa, usiwe na haraka ya kula

Niliingia kwenye sataranji nikitokea drafti ya vizibo vya soda, Mwanjelwa, Mbeya. Kule kula ni lazima. Ndiyo maana kila mwalimu mmoja wa Tukuyu aliponijibu askari wangu wa e4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao) kwa wake wa e6, kisha wa d4 kwa wa d5, nilimla huyo wa d5 bila kufikiri. Akanipiga mara tatu.

Ulinzi huo unaitwa wa Kifaransa kwa sababu ya mechi ya barua kati ya London na Paris iliyoanza 1834. Mweusi anajifungia kama nyumba za Mbeya mwezi wa Julai, madirisha yote yamebanwa. Tatizo lake ni askofu wa c8, aliyezibwa na askari wake mwenyewe wa e6. Ukila d5 naye akarudisha kwa e6, umemfungulia njia bure. Ndicho nilichokuwa nafanya!

Mara ya nne nikamwacha humo humo. Farasi wangu c3, wake f6. Nikasukuma e5, farasi wake akakimbilia d7. Hapo ndipo penye utamu, maana farasi wa f6 ndiye mlinzi wa h7. Nikatoa farasi f3 na askofu d3. Yeye askofu e7, akamficha mfalme g8. Nikasukuma h4. Waliosimama pembeni wakaguna. Mwalimu akacheza c5. Angesukuma f5 angeuziba mshazari wa askofu wangu, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Askofu akala h7, cheki. Mkono ulinitetemeka, na si kwa baridi. Mfalme akamla. Farasi g5, cheki; askofu wake akamla. Askari wa h4 akala g5, na ngome yangu ya h1 ikabaki inatazamana na mfalme: cheki tena. Mfalme g8, malkia wangu h5. Akasukuma f6 apate upenyo wa f7, nikauziba kwa g6. Alitazama ubao kitambo, akamlaza mfalme, yaani amekubali kushindwa.

Usimtoe askofu huyo kwa ushabiki, lakini. Hakikisha f6 haina farasi na malkia wako ana njia ya h5. Kama askofu wake yuko e7, h4 itangulie, la sivyo farasi wako wa g5 analiwa bure.

Tulipanga kete upya.

"Kijana, Kifaransa sikupi tena," akasema, akanijibu e4 kwa c5. Dawa yake bado naitafuta.