Katuni na vichekesho vya kutazama na nyumba nzima: mimi napima kwa mama

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, katuni na vichekesho gani vya runinga unaweza kuvitazama sebuleni wewe, mkeo, watoto wa miaka sita na kumi, pamoja na mama yako aliyehamia kwenu kutoka kijijini. La pili, kama kweli mtu mzima anaambulia chochote kwenye katuni. Hali yako ndiyo yangu. Mama yangu yuko nasi hapa Tanga, anaongea Kisambaa na Kiswahili, Kiingereza hajui. Wanangu wanasoma shule ya Kiingereza. Nitakujibu kwa niliyoyaona nyumbani kwangu, na msimamo wangu ni mkali kidogo.

Kipimo changu cha filamu ya familia ni mama. Akitazama hadi mwisho bila mjukuu kumtafsiria, najua waliotengeneza wamefanya kazi. Akianza kuuliza "kasema nini huyo?" kila dakika, basi hiyo ni filamu ya maneno, na picha zimewekwa kuyasindikiza tu.

Chukua Up ya Pixar, ya mwaka 2009. Karibu na mwanzo kuna kipande cha dakika kama nne ambacho watu hawasemi neno. Carl na Ellie wameoana, wanakarabati nyumba kuukuu, wanaandaa chumba cha mtoto. Mara unawaona hospitalini, Ellie kainama, mikono usoni. Wanaanza kudunduliza sarafu kwenye chupa ili siku moja wasafiri, na kila ikijaa kidogo kunazuka jambo: tairi limepasuka, mguu umevunjika, mti umeangukia paa. Chupa inavunjwa tena. Miaka inakwenda, nywele zinakuwa nyeupe, na Ellie anatangulia. Muziki wa Michael Giacchino unarudia wimbo uleule, umechangamka wakiwa vijana, umepoa wakiwa wazee, hadi unabaki piano peke yake. Mama alielewa yote. Kwenye ile picha ya hospitali alisema "maskini, hawakujaaliwa", na chupa ilipovunjwa akacheka kile kicheko cha mtu ambaye amewahi kuvunja kibubu chake mwenyewe kabla ya wakati. Mtoto wa miaka sita hapo anasubiri maputo na mbwa anayeongea, wewe na mama yako mnapewa ndoa nzima. Ndilo jibu la swali lako la pili. Filamu ni moja, kila mmoja anaondoka na chake.

Kwa haki niseme nusu ya pili ya Up hainishiki hivyo. Adui anatokea, zinaanza mbio za angani, na maneno yanazidi. WALL-E ya 2008 ina tabia hiyohiyo. Muda mrefu wa mwanzo ni roboti mdogo peke yake duniani, anashindilia takataka na kuzipanga, anaokota vitu vinavyompendeza na kuvihifadhi, anapenda, anaogopa, na yote unayaona machoni mwake. Wanadamu wakishaanza kuongea ndani ya chombo chao, sebule yangu hupoa kidogo. Hata hivyo, hizo mbili usiziache.

Iliyoshinda zote kwetu ni ya Kijapani, My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1988. Haina adui hata mmoja. Baba na mabinti wawili, Satsuki na Mei, wamehamia shambani kwa sababu mama yao yuko hospitali. Kuna msitu, kuna kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayelala chini ya mti, na kuna bibi jirani mwenye shamba la mboga. Bibi huyo anawaambia mazao ya shamba lake yatampa mama yao nguvu, basi Mei mdogo anakumbatia hindi moja na kutoka mbio peke yake kulipeleka hospitali, bila kujua njia. Anapotea. Kijiji kizima kinatoka kumtafuta. Mama yangu alikaa ukingoni mwa kochi kuanzia hapo hadi mwisho. Hakuhitaji mtu amweleze kwa nini mtoto abebe hindi kwenda kumwona mgonjwa. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba ni filamu isiyo na matukio. Mimi nasema mtoto kumhofia mama aliye hospitali ni tukio kubwa kuliko majoka yote ya kwenye katuni, na Miyazaki alilipa muda lilioustahili.

Sasa mfano wa upande wa pili. Shrek ya mwaka 2001 naipenda, na ndiyo iliyochukua Oscar ya kwanza kabisa ya kundi la filamu ndefu za katuni. Wanangu wanaijua kwa moyo. Lakini utani wake umesimama juu ya hadithi za Ulaya, yule mtu wa biskuti, Pinocchio, panya watatu vipofu, na juu ya ulimi wa Eddie Murphy kama punda. Kama hukulelewa na hadithi hizo na husikii Kiingereza, unabaki kuona punda anapayuka. Mama aliinuka akaenda kuangalia maharage jikoni. Si ubovu wa filamu. Ila ukiiweka, jua umewawekea watoto na wewe, si nyumba nzima.

Wengine watakwambia utafute zilizotafsiriwa. Hapa nina maneno. Nawaheshimu sana watafsiri wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu mitaani, Lufufu kwetu na DJ Afro kule Kenya. Filamu za mapigano za lugha za watu waliwafikishia watu ambao hakuna kampuni iliyowahi kuwafikiria. Lakini katuni ya familia haitaki sauti moja inayoongea mwanzo hadi mwisho. Nilitazama moja iliyotafsiriwa hivyo, na ilipofika sehemu ya kimya, mtafsiri akajaza: huyu ana huzuni, amemkumbuka mkewe, sasa anaondoka. Kimya kile ndicho kilichokuwa kazi, na kilifunikwa. Filamu za aina hii zinataka kila mhusika awe na sauti yake ya Kiswahili, na mahali pa kunyamaza pabaki kimya. Inawezekana, mbona Azam TV walituletea Sultan, tamthilia ya Kituruki, ikiwa na sauti za Kiswahili, na mama zetu wakapanga mapishi kuifuata? Watu wazima walifikiriwa. Watoto na bibi zao wanastahili hivyohivyo kwa filamu kubwa za katuni.

Za kwetu zipo, na kwa huyo wa miaka sita usizidharau. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam walianza Ubongo Kids mwaka 2014, kisha wakaja na Akili and Me, ya binti wa miaka minne anayekaa chini ya Mlima Kilimanjaro na kuingia nchi ya ajabu kila akilala. Kiswahili chake ni safi na nyimbo zinashika. Ni vipindi vya kufundishia lakini, havikuandikwa vikufanye mtu mzima uache simu. Tinga Tinga Tales ya 2010, iliyochorwa Nairobi kwa rangi na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, inasogea karibu zaidi na bibi, kwa kuwa ni zile hadithi za kwa nini tembo ana mkonga ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzisimulia upya ikiisha. Kwetu alimsahihisha msimulizi zaidi ya mara moja, na wajukuu wakataka toleo lake.

Tuje kwenye vichekesho. Kwa nyumba ya lugha mbili, anza na visivyo na maneno. Shaun the Sheep ya Aardman, Uingereza, tangu 2007, hakuna anayeongea. Mkulima mwenyewe ananguruma tu. Wanasesere wanasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na siku nzima ya kazi inazaa sekunde chache. Uvumilivu huo unauona kwenye macho ya mbwa Bitzer, ambaye bila kusema neno anaonyesha aibu na uchovu wa mtumishi aliye kati ya bosi na kondoo watukutu. Mr. Bean unamjua. Vipindi vya asili vyenye mtu halisi, vya 1990 hadi 1995, ni 15 tu, na bado vinachekesha. Rowan Atkinson alisomea uhandisi wa umeme, na mimi naona uhandisi huo kwenye vichekesho vyake: anaendesha gari akiwa amekaa kwenye kochi juu ya paa, usukani kwa kamba, breki kwa ufagio, na kila hatua ina mantiki yake. Unacheka kwa sababu unaona anavyofikiri. Tom na Jerry, wa tangu 1940, nao hawachuji, ila kwenye zile za zamani kuna mtumishi mweusi wa kike aliyechorwa kwa dharau. Ikitokea, simamisha uwaeleze watoto.

Vya Kiswahili vinanigusa zaidi, na ndiyo maana sivionei haya kuvikosoa. Vichekesho vingi vya leo vinaegemea kwenye kumcheka mfupi, mwenye kigugumizi, mwanaume aliyevaa gauni, au lafudhi ya kabila fulani. Mtoto anaiga Jumatatu shuleni, na kuna mwenzake darasani mwenye kigugumizi. Watu hunijibu kwamba hata wakongwe walicheza na lafudhi. Walicheza, lakini mtazame Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kichekesho cha KBC ya Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Alimjenga mzee wa Kijaluo mwenye heshima zake, mkewe Mama Kayai anayemzidi maarifa, na mipango inayoharibika kwa sababu ya kiburi chake. Ukiondoa lafudhi yote, mzee anabaki na kichekesho kinabaki. King Majuto wetu wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa hivyo. Akiingia tu kwenye picha watu wanacheka, kwa kuwa walishamjua anataka nini na anaficha nini. Vya namna hiyo watafutie wanao, vingi vimewekwa YouTube.

Kuna kimoja cha Kiingereza kinachovunja kipimo changu, nacho ni The Fresh Prince of Bel-Air, cha Marekani, cha kijana Will anayeishi kwa mjomba wake. Ni maneno matupu, mama hakifuati. Lakini kipo kipindi cha 1994 ambacho baba yake Will anarudi baada ya miaka mingi, anaahidi kuondoka naye, kisha anamwacha tena. Will anajitia hajali, anaongea, anapandisha sauti, mpaka anamuuliza mjomba kwa nini baba hamtaki. Mjomba Phil, aliyeigizwa na James Avery, anamkumbatia. Kamera inashuka kwenye sanamu ya baba na mwana ambayo Will alikuwa amenunua zawadi. Hakuna kicheko kinachofuata. Mama alikuwa anapita na ndoo akasimama. Mwanangu mkubwa alipotaka kumtafsiria, akamwambia nyamaza, nimeona.

Mwisho, usidhani kila kilichochorwa ni cha watoto. The Simpsons kinahitaji umri, Family Guy usikiweke kabisa wakiwepo. Hata Kizazi Moto ya 2023, mkusanyiko wa katuni fupi wenye kazi za Waafrika kama Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, ambao nadhani kila mpenda katuni autazame, huyo wa miaka sita msubirishe kwanza. Jumamosi hii weka Shaun mkiwa mnakula, kisha Totoro. Up iweke siku ambayo kesho yake si shule, maana huyo wa miaka kumi atakuwa na maswali kuhusu Ellie, na mama yako atayajibu vizuri kuliko wewe.