Dalia zangu hupanda basi kwenda Newala

Jumamosi iliyopita mpambaji mmoja wa harusi hapa Mtwara mjini alinipigia simu. Anataka maua ya dalia 40, rangi ya damu ya mzee, asubuhi na mapema. "Dada yangu, wewe ndiye mwenye mali," akaniambia. Dada yangu! Miaka mitatu nyuma nilimtumia mtu huyuhuyu picha ya ua langu la kwanza, akanirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde 14, nusu yake kicheko: maua ya Njombe hayaoti kwenye mchanga wa bahari, bora nipande mihogo. Ujumbe ule sijaufuta mpaka leo. Maua nimemuuzia, ila bei niliichangamsha kidogo. Msinihukumu.

Nilipoweka picha za mzigo ule, dada mmoja wa Lindi akaniandikia: "Zangu zilichanua mara moja tu. Masika yalipoingia zikaoza zote. Wewe unafanyaje?" Nakujibu hapa mdogo wangu, wenzako nao wasome, maana najua kila mmoja wenu anataka ua ambalo jirani hana.

Kwanza jina, kabla hamjaanza utani. Dalia hii siyo ile ya manjano wanayopakwa maharusi. Jina la ua limetokana na Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na asili yake ni milima ya Mexico, ambako mwaka 1963 lilifanywa ua la taifa. Shikeni neno milima. Jua la mchana linalivumilia, linachoshindwa ni usiku wa joto. Na usiku wetu wa Desemba, hata sisi wenyewe tunalala barazani.

Mimi hayo sikuyajua. Kaka yangu aliniletea viazi sita kutoka Njombe (mizizi yake ni minene kama viazi vitamu), nikavipanda Desemba mvua ya kwanza ilipodondoka, kama mtu anayepanda mahindi. Nikamwagilia na juu yake. Baada ya wiki tatu nikachimbua mmoja, vidole vikazama ndani kama kwenye embe bovu, na harufu yake siisemi.

Awamu ya pili nikajifanya mjuzi. Nikaokota makumbi ya nazi yaliyobaki kwa akina mama wanaosokota kamba za usumba, nikayachanganya na samadi ya mbuzi, nikajaza ndoo za rangi za lita 20. Majani yakatoka, nikapiga picha, nikatamba. Halafu kingo zikaanza kukauka, kahawia, kama zimepitiwa na pasi. Bibi mmoja jirani alikuja, akachukua uzi wa kumbi, akauweka ulimini. "Chumvi hii, mjukuu wangu. Haya yamelala baharini." Nilikuwa nimeipandia dalia maji ya bahari kwa mikono yangu. Ukitaka makumbi, tafuta yale ambayo hayajafukiwa pwani, na bado yaoshe.

Kilichonifungua macho ni binamu yangu anayeishi Uingereza. Kule, barafu ya kwanza ikishayaunguza majani, wenye bustani hukata mashina, huchimbua viazi, huvikausha na kuvilaza kwenye sanduku mahali pakavu pasipoganda, mpaka majira ya baridi yaishe. Nikajiuliza: kama wao wanavilaza kukwepa baridi, mimi nashindwaje kuvilaza kukwepa joto na mvua? Miezi ni ileile, karibu sita.

Basi mimi napanda mwishoni mwa Aprili mvua zinapokatika. Kusi ikishika, usiku unapoa, na kuanzia Julai nakata maua hadi Septemba. Katikati ya Oktoba nachimbua. Kiazi lazima kiwe na jicho pale shingoni kinapoungana na shina. Kisicho na jicho hakichipui hata kinenepe vipi, na wauzaji wengine wanajua hilo wakakuuzia hivyohivyo.

Mwaka wa kwanza nilivilaza ndani kwangu, vikanyauka kama tangawizi ya mwezi uliopita. Sasa vinapanda basi. Kupitia Nanyamba na Tandahimba, hadi kwa shangazi yangu Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako jioni unavaa sweta ukienda kutazama Shimo la Mungu. Vinakaa uvunguni kwake, kwenye boksi la maranda makavu ya fundi seremala. Msimu wa kwanza mjukuu wake alichemsha vinne akidhani chakula. Shangazi akanipigia: "Mwanangu, viazi vyako havina ladha." Tangu hapo boksi linafungwa kwa kamba.

Ukungu mweupe kwenye majani ni ndugu wa ubwiriunga wa mikorosho, na salfa inauzuia. Lakini msinifuate mimi niliyepuliza saa saba mchana, mwisho wa Septemba. Salfa na joto kali huunguza majani. Puliza asubuhi, kidogo.

Mengine ni subira tu. Ukishapanda usimwagilie ovyo mpaka chipukizi litokeze. Weka makuti ya kivuli cha alasiri. Usimwagilie ovyo, narudia, kwa sababu najua mtamwagilia. Ndiyo tabia yetu: tukipenda kitu tunakizamisha, watoto, waume, maua, vyote tunavimiminia halafu tunashangaa vinaoza. Na tukishindwa mara moja tunasema ardhi mbaya, wakati ardhi hatujawahi kuiuliza chochote. Mimi nimeshindwa mara tatu, nikachekwa na watu ninaosali nao, na leo nakata ndoo mbili kwa wiki.

Dada wa Lindi, Oktoba nikichimbua nitakutengea vitatu vyenye macho, nauli ya mzigo utalipa mwenyewe. Mpambaji naye kaniomba vya kupanda kwake. Nimemjibu kwa ujumbe wa sauti: dalia haioti kwenye mchanga wa bahari.