Kirusi cha Blue Shadow kwa mtoto mwoga wa magonjwa

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka minane, aliyeanza kuogopa magonjwa tangu alipolazwa, anaweza kutazama zile sehemu za kirusi cha Blue Shadow kwenye katuni ya Star Wars: The Clone Wars.

Anaweza, ila kaa naye. Ni sehemu ya 17 na ya 18 za msimu wa kwanza, za mwaka 2009. Usimwonyeshe ya kwanza jioni halafu umpeleke kulala: dawa inapatikana kwenye ya pili. Kirusi kilikuwa kikisambaa kwa maji, Daktari Vindi, yule mwovu wa hadithi, akakigeuza kisambae kwa hewa, ndani ya maabara aliyoificha chini ya ardhi kwenye sayari ya Naboo. Kinachotisha hasa ni mashujaa wawili, Padmé na Ahsoka, kufungiwa humo wakikohoa, nguvu zinawaishia, na askari wanakufa. Mwambie mapema kwamba hao wawili wanapona. Najua utapunguza utamu, lakini bora hivyo kuliko akuamshe usiku wa manane.

Safari ya kwenda sayari ya Iego kuchimba mzizi wa mmea wa reeksa, ambao ndio dawa yenyewe, haina shida. Ataifurahia, hasa akimwona Jaybo, mtoto mwenzake, anavyotumikiwa na maroboti ya vita.