Nimemsomesha, kaondoka: mkataba niuandikeje?

SWALI: Mshauri, salamu. Nina kakampuni kadogo, tunafunga na kutengeneza mashine za maabara, tuko watu kumi na moja tu. Mwaka jana nilimpeleka fundi wangu kozi ya miezi minne. Ada nililipa mimi, nauli mimi, malazi mimi, na mshahara wake uliendelea kama kawaida. Karudi na cheti, wiki ya tisa kaniletea barua ya kuacha kazi, kahamia kwa mshindani wangu. Sina pa kumshikia maana mkataba wake haukusema lolote. Sasa kuna vijana wawili nataka kuwapeleka, nimefikiria niandike kwamba lazima wakae miaka mitano, akiondoka mapema alipe gharama mara tatu, na cheti nikae nacho mimi kabatini mpaka miaka iishe. Hiyo itashika?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, najua inavyouma. Ila hapana, haitashika, na hilo la cheti ndo baya kuliko yote kwa hiyo tulimalize kwanza. Cheti ni chake, kina jina lake. Kumshikia mfanyakazi hati zake na vitu vyake vya thamani ili asiondoke, Shirika la Kazi Duniani (ILO) linaihesabu kati ya dalili za kazi ya kulazimishwa, na mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi za aina hiyo ni wa tangu mwaka 1930. Ukiandika hivo, siku ya kesi wewe ndo utakuwa unajitetea.

Miaka mitano nayo, hebu fikiria, mahakama haimlazimishi mtu arudi ofisini kukutumikia wakati hataki, utakachopata sanasana ni pesa. Sasa kama mwisho wa yote ni pesa, basi mkataba uandikwe kulinda pesa yako, siyo kumfunga mtu. Hapo ndo waajiri wengi wanapojikwaa, wanaandika kwa hasira ya yule aliyeondoka.

Halafu hiyo "mara tatu" unageuza gharama kuwa adhabu. Nchi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza bado zinaitaja kesi ya Dunlop, kampuni ya matairi, ya mwaka 1915, kwamba kiasi kikiwa ni makadirio ya kweli ya hasara unaweza kudai, kikiwa ni cha kumtisha tu mtu huwezi. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Uingereza ikalegeza kidogo, inaangalia kama una maslahi halali unayolinda na kama kiasi hakijapitiliza kupita kiasi, lakini mara tatu bado unajitafutia taabu.

Fanya hivi. Kila mafunzo yawe na makubaliano yake, karatasi mbili tu, yasainiwe KABLA kijana hajaanza kozi na apewe siku kadhaa ayasome nyumbani, maana ukimsainisha akiwa na begi mkononi anaenda kupanda gari atasema alilazimishwa, na atakuwa hajadanganya. Andika jina la kozi, tarehe, na gharama moja moja, ada kiasi gani, nauli kiasi gani, malazi kiasi gani, na risiti utunze. Mshahara wa ile miezi minne mi ningeuacha nje, kumdai mtu mshahara aliokwisha kula ni ugomvi ambao nchi nyingi hutashinda kirahisi. Kisha kipengele chenyewe kinaweza kusomeka hivi:

"Mfanyakazi akiacha kazi kwa hiari yake, au akiachishwa kwa kosa la nidhamu lililothibitishwa, kabla ya miezi 24 kupita tangu amalize mafunzo, atarudisha gharama zilizotajwa hapo juu, zikiwa zimepunguzwa sehemu moja ya 24 kwa kila mwezi kamili aliofanya kazi."

Tuchukue gharama ilikuwa 2,400, sifuri zilizobaki utaongeza mwenyewe kwa pesa ya kwenu. Kila mwezi akifanya kazi deni linashuka 100. Akiondoka baada ya miezi 9 anabakiwa na 1,500, akiondoka baada ya miezi 23 anadaiwa 100 na hapo hata usimpigie simu. Huko kushuka ndo roho ya kipengele, ukidai zote mpaka siku ya mwisho hakimu atauliza ile miezi 23 aliyokutumikia umeihesabu wapi.

Angalia pia mafunzo gani unayadai. Ya usalama kazini na yale ambayo sheria inakulazimisha umpe, hayo ni mzigo wako. Umoja wa Ulaya uliliandika wazi kwenye sheria yake ya mwaka 2019, mafunzo ya lazima ni bure kwa mfanyakazi na yanahesabika kama muda wa kazi. Na usijikatie tu deni kwenye mshahara wa mwisho, mkataba wa ILO wa ulinzi wa mishahara wa mwaka 1949 unasema makato yafuate sheria ya nchi, kwa hiyo mpelekee wakili wa huko huko kwenu asome kabla hamjasaini.

Swali dogo la pembeni, ulimwongeza mshahara fundi wako aliporudi na cheti? Maana kama alirudi na ujuzi mpya kwa mshahara ule ule, mshindani wako hakuwa na kazi kubwa.

SWALI: Mimi niko upande wa pili. Nilisaini miezi 24, nimefanya 10, sasa ofisi inafunga kitengo chetu na HR (ofisi ya wafanyakazi) wananiambia nilipe gharama za kozi zilizobaki. Nadaiwa kweli?

JIBU: Soma karatasi yako taratibu dada yangu, tafuta maneno "kwa hiari yake". Kama yapo, wewe hujaacha kazi, kazi ndo imekuacha, hudaiwi. Kama kumeandikwa "kwa sababu yoyote ile" bado lipinge deni hilo, dai la uamuzi walioufanya wao wenyewe ni vigumu kwao kulitetea mbele ya hakimu. Wajibu kwa maandishi, omba nakala ya makubaliano na risiti za kozi, na usisaini kukubali deni lolote mpaka uzione.