Maswali na majibu: Dunia ni hadaa, lakini ipo

Tangu niandike juu ya hoja kwamba ulimwengu huu ni simulesheni, yaani uigaji unaoendeshwa na kompyuta ya viumbe wengine, maswali hayajakatika. Leo nimechukua manane. Kwanza ombi: wengi wenu mmeandika "tunaishi ndani ya simulizi". Simulizi ni hadithi. Simulesheni ni kama ile mashine anayofundishiwa rubani kutua katika dhoruba huku hajaondoka chini. Tusichanganye, maana nusu ya mkanganyiko katika jambo hili inaanzia kwenye maneno.

Mwalimu, ni kweli wanasayansi wamethibitisha kwamba tunaishi ndani ya kompyuta? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Nimeshalijibu mara mbili, na hii iwe ya mwisho.

Mwaka 2003 Nick Bostrom, mwanafalsafa Mswidi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha hoja yenye milango mitatu, akasema lazima mmojawapo uwe wazi. Ama karibu kila ustaarabu kama wetu huangamia kabla ya kupata kompyuta zinazoweza kuiga akili za watu. Ama unaofika hapo hauna haja ya kuiga maisha ya wahenga wake. Ama unafika na unaiga, na hapo akili za kuigwa zitakuwa nyingi mno kuliko za asili, nasi karibu hakika tumo miongoni mwa za kuigwa. Hakusema mlango wa tatu ndio ulio wazi. Elon Musk, tajiri wa teknolojia, ndiye aliyesimama jukwaani mwaka 2016 akasema uwezekano wa sisi kuwa katika ulimwengu wa asili ni mmoja kati ya mabilioni. Watu wakashika la Musk, wakaacha la Bostrom.

Tena hoja nzima imeegemea nguzo moja ambayo Bostrom mwenyewe anaitaja kuwa ni dhana: kwamba fahamu inaweza kuzuka ndani ya kompyuta kama inavyozuka ndani ya ubongo. Hilo halijathibitishwa na yeyote. Wapo wanafizikia waliofikiria namna ya kupima. Silas Beane na wenzake wawili walieleza mwaka 2012 kwamba kama anga limegawanyika katika vyumba vidogo mithili ya karatasi ya grafu, basi mionzi ya anga za mbali yenye nishati kubwa kabisa ingeelemea pande fulani kuliko nyingine. Ni wazo zuri. Lakini kupendekeza kipimo si kupata jibu, na anayekwambia jibu limepatikana muulize amelisoma wapi.

Chembe ndogo kabisa za maada hubadilika ukizitazama. Si ndiyo dalili kwamba kompyuta huchora kile tu kinachotazamwa? (Mwanachuo, Dodoma)

"Kutazama" katika fizikia si jicho la mtu. Ni chembe kugusana na kifaa na kuacha alama. Funga maabara usiku, pasiwe na mtu ndani, asubuhi utakuta matokeo yale yale. Ninyi mliosoma fizikia hadi kidato cha sita mnapolirudia hili mnanisikitisha.

Mara nyingi nafika mahali nahisi nimeshawahi kufika. Je, mashine imejirudia? (Msomaji, Mwanza)

Kumbukumbu ndiyo iliyojikwaa, na hutokea kwa watu wengi. Ila umeandika "mara nyingi". Kama ikija unapoteza fahamu kidogo, au unasikia harufu isiyokuwepo, au waliokuzunguka wanasema umeduwaa, nenda hospitali, kwa sababu kipo kifafa kinachoanza hivyo na kina dawa.

Kuna mtu anafundisha mtandaoni kubadili programu ya ulimwengu kwa nguvu ya mawazo ili fedha zije. Ada ni 150,000. Nilipe? (Msomaji, Arusha)

Usilipe.

Mhubiri wetu alisema hoja hii ni ushindi wa imani, maana hata wasioamini sasa wamekiri kuna Muumba. Unasemaje? (Mwanakwaya, Iringa)

Namheshimu mhubiri wako, lakini ushindi huo aukatae. Anayetajwa katika hoja ile ni fundi, si Mungu. Fundi ana kompyuta, kompyuta inataka nishati, na nishati inatoka katika ulimwengu ambao hakuuumba yeye. Anaweza kuchoka. Anaweza kuishiwa akazima. Bostrom ameliona hilo na kuandika kwamba hata mafundi hao hawawezi kuwa na uhakika kama nao hawaigwi na wengine walio juu yao. Panda ngazi hiyo hadi uchoke. Kila kipandio utamkuta mwingine mwenye kuhitaji kitu kutoka kwingine. Mungu wa Waislamu ni Asamadi, ambaye vyote vinamhitaji naye hahitaji chochote. Mkristo naye anapofungua Mwanzo hasomi habari za mtu aliyekuta vifaa viko tayari. Kumnyenyekea kiumbe kwa sababu tu anaweza kutuzima ni kulekule kuogopa pepo wa mbuyuni: ana nguvu, lakini hana haki ya kuabudiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunakimbilia kuomba ushahidi kwa matajiri wa teknolojia wakati nyumbani kuna hazina. Wanazuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Ashari walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili. Mungu huziumba upya kila mara. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: sisi tunaona moto, tunaona pamba imeungua, lakini hatujaona kwamba moto ndio uliounguza. Mwenye kuunguza ni Mungu, na kilichotufanya tuviunganishe ni ada tu, yaani mazoea. Kijana anayejua kioo cha simu huchorwa upya mara nyingi kila sekunde angelielewa wazo hili kwa dakika moja. Mfundisheni hilo. Mwambieni pia tofauti yake na la Bostrom: kwa Ghazali hakuna mashine katikati, na aliye juu hana wa juu yake.

Kur'ani inasema maisha ya dunia ni mchezo na pumbao. Biblia inasema yote ni ubatili. Si wamesema haya haya? (Msomaji, Muscat)

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na ndilo tunalolikosea kila siku.

Aya unayoitaja iko katika Al-An'am, ya 32. Soma sasa Al-Anbiya, ya 16, katika kitabu hicho hicho: mbingu na ardhi na vilivyo baina yake havikuumbwa kwa mchezo. Ziweke pamoja. Mchezo ni namna tunavyoyatumia maisha, si asili ya vitu. Na Mhubiri wa Biblia, neno lake la Kiebrania tunaloliita ubatili ni *hevel*, mvuke, pumzi. Mvuke haushikiki, na punde umetoweka, lakini weka mkono juu ya birika uone kama haupo.

Kiswahili chenyewe kimelipima jambo hili vizuri kuliko sisi tunaokisema. Dunia hadaa. Dunia mapito. Dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee. Mti mkavu upo! Usingekuwepo usingemwangusha mtu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya wakubwa wa mji wake: katika zidaka za ukutani zilizokuwa zimepangwa sahani wanalala makinda ya ndege, nyumba zilizojaa watu zimebaki na popo. Aliuambia moyo wake kwamba dunia ina ghururi. Hakuuambia kwamba nyumba zile hazikujengwa, au kwamba waliolala ndani hawakuwa watu. Angesema hivyo, shairi lisingeuma. Linauma kwa sababu walikuwepo, wakala, wakacheka, wakajisahau, wakaondoka.

Kwa hiyo kuna kauli mbili. Ya kwanza inasema dunia inadanganya, usijifunge nayo. Ya pili inasema dunia si kitu, wala waliomo si kitu. Ya kwanza imewafanya watu wengi kutoa sadaka na kusamehe madeni. Ya pili sijaona ilichozaa ila ubaridi wa moyo, na barua inayofuata inaonyesha.

Mwanangu ana miaka 17. Watu, pamoja na dada wetu wa kazi, anawaita "enpisii", yaani wahusika wa gemu wasio na nafsi. Juzi dada aliungua na mafuta ya moto. Yeye akaendelea kula, akasema maumivu yale ni programu tu. Nifanye nini? (Mama, Tabata)

Mama, barua yako ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye mada hii.

Anza na mkono wa dada. Kidonda cha moto huoshwa kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno wala yai. Kama kimefura malengelenge, apelekwe hospitali, na anayempeleka awe mwanao. Asubiri naye kwenye foleni. Arudi naye.

Kisha zungumza naye kwa hoja, maana anaonekana kijana wa hoja. Mwambie hivi: hesabu ya Bostrom ni hesabu ya akili zenye fahamu. Inasema za kuigwa zitakuwa nyingi kuliko za asili, ndipo inapata nguvu. Ukiwaondolea watu fahamu, umeikata hoja yenyewe miguu. Bostrom aligusia uwezekano wa ulimwengu wa mtu mmoja ambamo wengine wote ni vivuli, akasema ili tuuchukulie kwa uzito, uigaji wa namna hiyo ungepaswa kuwa mwingi mara bilioni 100 kuliko uigaji wa wanadamu wote. Na muulize: wewe ukiungua, inauma? Basi kama wewe ni programu na inakuuma, kwa nini isimuume yeye?

Najua anakotoa ukatili huu, kwa sababu umeandikwa na watu wazima. Mwaka 2001 Robin Hanson, mchumi wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, alihoji kwamba mtu anayeona huenda yumo ndani ya uigaji, mambo mengine yakiwa sawa, apunguze kuwajali wengine, aishi kwa ajili ya leo, awe wa kuburudisha, na awafurahishe watu mashuhuri walio karibu naye. Nimesoma ushauri huo mara kadhaa na kila mara nimekasirika. Bostrom, mwenye hoja, amesema kinyume: hata kama mlango wa tatu ndio ulio wazi, tuendelee kuishi kama kawaida. Mimi nilimuuguza mama yangu kwa miezi saba. Unieleze vyovyote kuhusu chembe zilivyounda mwili wake, sauti aliyoniitia usiku ilikuwa yake, na wajibu wa kuamka ulikuwa wangu.

Jambo la mwisho, na usilipuuze. Kama mwanao halali usiku, amejitenga, anavuta bangi, au anasema ninyi wazazi si halisi au kwamba anajiona kwa nje kama anatazama filamu, hilo si falsafa tena. Mpeleke kliniki ya afya ya akili. Huko Ohio, mwaka 2002, mwanamke aliyeamini yumo ndani ya Matrix, ule ulimwengu wa kompyuta wa kwenye filamu, alimuua mama mwenye nyumba wake kwa risasi, na mahakama ikaona hakuwa na akili timamu. Maombi na dua viendelee, lakini visichelewe njia ya hospitali. Ghazali mwenyewe alipatwa na shaka kama hii: aliona ndotoni tunaamini mambo, tukiamka hayapo, akajiuliza nini kinahakikisha kwamba kuwa macho nako si ndoto. Alikaa hivyo karibu miezi miwili, akaiita hali ile ugonjwa, na akashukuru Mungu alipomponya.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Nimesoma kwamba kama dunia ni simulesheni, nakala yake imehifadhiwa na huenda akarudishwa. Tena kuna kampuni inasema nikiituma jumbe na sauti zake itanitengenezea nakala ya kuongea nayo. Nitume? (Mjane, Bukoba)

Dada yangu, pole sana.

Hakuna popote katika hoja ile panaposema kuna anayetunza nakala. Mashine inayoweza kuhifadhi ndiyo inayoweza kufuta, na fundi wake hakutuahidi kitu. Ufufuo unaofundishwa kanisani na msikitini haukuegemezwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Umeegemezwa kwenye ahadi. Kama unaiamini ahadi hiyo, huhitaji kuikopea ushahidi Oxford.

Na hiyo nakala ya kampuni ni programu inayopanga maneno kwa kukisia lipi lifuate lipi. Itasema kwa sauti ya mumeo mambo ambayo hakuyasema, utayajibu, na baada ya miezi michache hutajua lipi lilikuwa lake. Kampuni ikifungwa, utafiwa mara ya pili. Usitume. Zile sauti zihifadhi kwenye simu na mahali pengine pa pili, na siku watoto watakapomuulizia, wafungulie wamsikie yeye mwenyewe, hata kama ni ujumbe wa kusema amekwama kwenye foleni na msimsubiri kula.